Viganja Vinne

Injini ilikula mishahara ya miezi kumi na minne.
Tabo ikala baiskeli ambayo mwanangu hakununuliwa.
Springi zikala sikukuu mbili mfululizo,
na ekzozi, hiyo inakula hadi leo
usingizi wa Mama Tsiala wa ghorofa ya tano.

Sasa gari limeinama kama paka anayevizia,
jekundu, milango miwili, usukani kulia
kama lilivyoshushwa melini bandari ya Poti,
katika nchi ambayo usukani hukaa kushoto.
Usiku mmoja nilipaka chaki matairi,
nikalisukuma kidogo, nikapima alama sakafuni:
kiganja changu, kidole kwa kidole.
Nguvu zote zile, madeni yote yale,
yamesimama juu ya viganja vinne vya mpira
vilivyoota kipara.

Nugzari anauza matairi Rustavi,
ndani ya kontena linalonuka mpira na kahawa.
Haanzi na bei. Anaanza na swali:
"Unataka kwenda, au unataka kusimama?"
Nikasema kwenda.
Akacheka, akanivutia kiti.

Ya rafu ya juu nilisoma bei yake mara mbili,
kama mtu anayesoma majibu ya hospitali.
Ya chini yake, mapya, yanang'aa, bei chee,
yana jina ambalo Nugzari mwenyewe hulitamka kila siku tofauti.
Akaminya ukucha kwenye kashata, ukucha ukateleza.
"Magumu kama soli ya askari. Yatadumu haya.
Yatakuzika, na yataendelea kudumu."

Pembeni, mtumba wa wakimbiaji:
laini, yananata, nusu ya nusu ya bei.
Moyo ukaruka.
Akaligeuza moja, akafuta vumbi kwa kidole gumba,
tarakimu nne: wiki ya thelathini na moja
ya mwaka aliozaliwa mwanangu.
Mwanangu yuko darasa la tatu.
"Mpira huzeeka hata ukilala," akasema,
akalirudisha taratibu, kama anamfunika mgonjwa.

Rahisi ni ghali, wahenga wamesema.
Hawakusema ufanyeje
ukiwa na lari mia sita.

Nugzari akatoka nje, akalizunguka gari,
akachuchumaa.
"Tatizo lako si matairi. Ni hizi hereni."
Rimu zangu! Inchi kumi na nane, rangi ya dhahabu,
nilizozisugua kwa mswaki kila Jumapili.
"Shuka hadi kumi na sita. Tairi zuri lilelile,
ila bei inapungua karibu nusu.
Breki zako zitaenea, nimeshapima."
Alipima saa ngapi, sijui.

Alizichukua kijana wa Marneuli.
Alilipa taslimu, akazibeba mbili mbili kifuani
akitabasamu kama bwana harusi.
Sikumsindikiza.

Shemeji yangu Badri alipoliona gari
alishika tumbo: "Limevaa viatu vya shule!"

Oktoba, mlima wa Gombori, mvua,
mbele yetu lori la zabibu linatapika moshi.
Sioni kitu kutoka upande wangu.
Mzevinari, kiti cha kushoto, ndiye macho yangu;
anabangua karanga za msituni, makapi mapajani.
"Bado," anasema.
"Bado."
"Nenda."

Nikaenda. Tabo ikapiga mluzi,
lori likabaki nyuma, kona ikaja mapema
kuliko nilivyoikumbuka,
imefunikwa majani yaliyolowa, na maji yanakatiza.
Nikakanyaga breki. Nikasubiri ile hali ninayoijua,
ile sekunde gari linapokuwa la mtu mwingine.

Matairi yakauma lami, yakaikata kona,
yakaiachia.
Hakuna karanga hata moja iliyoanguka.

Mzevinari akanipa mbili, zimebanguliwa,
akaniuliza kama nimelipia gesi.